Kulipwa kwa Kununua: Kazi ya Mteja wa Siri, Faida Yake, na Mahali Wakora Wanajificha

Meseji inaingia saa tatu asubuhi kutoka kwa namba usiyoijua: "Hongera! Umechaguliwa kufanya kazi ya mteja wa siri kwenye supamaketi karibu nawe. Malipo ni 3,500 kwa siku. Tuma 450 ya usajili upate fomu yako leo."

Kama ni tarehe kumi na nane, kodi ya nyumba imeshakula mshahara na mtoto ametumwa nyumbani kuleta karo, 450 inaonekana kitu kidogo mbele ya 3,500. Kabla hujamaliza kufikiria, kidole kiko kwenye menyu ya kutuma pesa.

Ngoja kwanza.

Kazi ya mteja wa siri ipo kweli, na kuna watu wanaojiongezea kipato nayo. Lakini meseji kama hiyo haitoki kwa watu wanaotoa kazi hiyo. Leo tunaeleza kazi yenyewe inavyofanywa, inaweza kukuachia kiasi gani mfukoni, na namna ya kutofautisha kazi na mtego. Ukisahau mengine yote, shika hili moja: katika kazi ya kweli, pesa ikitoka kwenye simu yako inaenda kwa duka unalokagua. Haiendi kwa mtu aliyekupa kazi.

Mteja wa siri ni nani?

Ni mtu wa kawaida anayelipwa kuingia dukani, benki, hotelini ama kwenye kituo cha mafuta kama mteja mwingine yeyote, kununua ama kuuliza kitu, halafu kuandika alichokiona. Wahudumu hawajui yeye ni nani. Ukitafuta kazi hii kwenye intaneti, utaikuta zaidi kwa jina lake la Kiingereza, mystery shopper.

Kwa nini kampuni imlipe mtu kwenda kununua chai na mandazi? Kwa sababu meneja akiingia kwenye duka lake mwenyewe, kila mtu anasimama wima. Kaunta inapanguswa, salamu zinatoka, foleni inasonga. Akitoka, mambo yanarudi yalivyokuwa. Mwenye biashara aliye na matawi Nairobi, Nakuru na Mombasa hana njia rahisi ya kujua mteja wa Jumamosi jioni anahudumiwa vipi, isipokuwa amtume mteja Jumamosi jioni.

Kazi hii ilianzia Marekani, na miaka ya 1940 ilitumika sana kuwanasa wafanyakazi waliokuwa wakiiba kwenye benki na maduka. Siku hizi lengo kubwa ni ubora wa huduma. Wanaotoa vibarua hivi ni kampuni za utafiti wa soko, kwa niaba ya biashara inayotaka kukaguliwa. Ipsos, kampuni ya utafiti yenye ofisi Nairobi, ni mojawapo ya kampuni zinazofanya utafiti wa aina hii duniani. Kuna pia chama cha kimataifa cha kampuni za kazi hii, kinachoitwa MSPA, chenye tawi linalohudumia Ulaya na Afrika.

Kazi yenyewe inaendaje?

1. *Unajisajili bure.* Kampuni inataka kujua umri wako, unaishi wapi, unaongea lugha gani, na mambo kama una gari ama akaunti ya benki. Maswali haya yana sababu: huwezi kutumwa kukagua kituo cha mafuta kama huna gari la kuweka mafuta.

2. *Unachagua kibarua.* Vibarua vinawekwa kwenye tovuti ama programu ya kampuni, kila kimoja na mahali pake, tarehe na malipo yake. Unaomba, halafu unasubiri kukubaliwa.

3. *Unasoma maelekezo.* Hapa wengi huruka, na hapa ndipo wengi hukosa malipo. Maelekezo yanasema uende saa ngapi, ununue nini, uulize swali gani. Ukiambiwa uende kati ya saa sita na saa nane mchana halafu ukaenda saa tisa, ripoti yako haina maana kwao.

4. *Unaenda.* Unaangalia vitu vidogo. Ulisalimiwa baada ya dakika ngapi? Mhudumu alikuwa na beji? Bei iliyo kwenye rafu ndiyo iliyotoka kwenye risiti? Choo kilikuwa na maji? Usitoe kalamu na daftari mbele ya watu. Andika kwenye simu, utaonekana tu kama mtu anayejibu WhatsApp.

5. *Unalipa na kutunza ushahidi.* Weka risiti ya duka. Ukilipa kwa till, tunza pia ujumbe wa uthibitisho, kwa sababu una jina la biashara, kiasi, tarehe, saa na namba ya muamala. Mhudumu akikuambia "till inasumbua, tuma kwa namba yangu," hilo lenyewe ni jambo la kuandika kwenye ripoti.

6. *Unajaza fomu.* Mara nyingi ni siku hiyo hiyo ama ndani ya saa 24, kabla kumbukumbu haijapoa.

7. *Unasubiri.* Kuna mtu anayepitia ripoti kabla hujalipwa, na anaweza kukurudia na maswali. Malipo huchukua wiki kadhaa, wakati mwingine mwezi mzima ama zaidi.

Neno moja kuhusu ripoti. "Mhudumu alikuwa na madharau" ni maoni yako. "Nilisimama kaunta dakika nne, mhudumu alikuwa anaongea na simu, na hakuniangalia hadi nilipomwita mara ya pili" ni kitu ulichokiona, na ndicho kinacholipiwa. Kumbuka pia kuna mtu upande ule wa kaunta. Yeye naye ana kodi na karo, na unachoandika kinaweza kugusa bonasi yake ama hata kazi yake. Usiongeze chumvi ili ripoti ipendeze, na usifiche ubaya kwa sababu umemhurumia. Na kama duka ni la shemeji yako, ama uliwahi kufanya kazi pale, kataa hicho kibarua.

Tupige hesabu

Tuchukue mfano wa dada anayeishi Kayole aliyepata kibarua cha kukagua mkahawa katikati ya jiji. Namba hizi ni za mfano tu. Malipo ni shilingi 600, na atarudishiwa hadi shilingi 400 za chakula.

- Malipo ya kazi: 600
- Nauli kwenda na kurudi: toa 160
- Bando la kupakia picha na kujaza fomu: toa 50
- Kinachobaki: 390

Zile 400 za chakula hatuzihesabu, kwa sababu zinatoka na kurudi. Sasa weka muda: saa mbili barabarani, saa moja mkahawani, saa moja ya fomu. Ni saa nne. Kwa hivyo amepata kama shilingi 97 kwa saa, na chakula cha mchana. Si mbaya, lakini si 3,500 kwa siku.

Hesabu hii inatufundisha mambo mawili.

La kwanza, kibarua kizuri ni kile kilicho kwenye njia yako. Dada yule yule angekuwa anafanya kazi mjini kila siku, nauli isingekuwa gharama ya kibarua, na zile saa mbili za barabarani zisingehesabiwa. Angebaki na 550 kwa saa mbili. Usisafiri kutoka Thika hadi Nairobi kwa ajili ya kibarua kimoja. Ukiwa na safari yako tayari, angalia kama kuna kibarua huko unakoenda.

La pili, pesa yako inatangulia. Ukichukua vibarua vitano vya kununua bidhaa za 400 kila kimoja, umetoa 2,000, na zitakaa nje wiki kadhaa kabla hazijarudi. Kama hiyo 2,000 ndiyo ya unga na stima, usiifunge huko. Na usichukue mkopo wa simu kufanya kibarua hiki, kwa sababu mkopo utadai riba kabla ya wewe kulipwa. Anza na vibarua visivyohitaji kununua kitu, kama vile kupiga simu na kuuliza huduma, ama kuingia benki kuulizia akaunti.

Weka rekodi rahisi kwenye daftari ama kwenye simu: tarehe, kibarua, ulichotumia, unachodai, siku uliyolipwa. Bila rekodi utasahau nani anakudai na nani unamdai.

Ukitumwa kukagua ajenti wa pesa za simu

Kwa kuwa hii ni sekta yetu, tueleze kidogo. Kampuni za pesa za simu nazo hutaka kujua kinachoendelea kwenye vibanda vya maajenti. Haya ndiyo mambo ambayo mkaguzi anaweza kuambiwa aangalie:

- Je, ajenti aliomba kitambulisho ulipotaka kutoa pesa?
- Je, bango la gharama limebandikwa mahali mteja anaweza kulisoma?
- Je, alikuwa na pesa za kutosha, ama alikuambia ugawanye mara mbili? Kugawanya kunaweza kukufanya ulipe gharama mara mbili.
- Je, aliomba "kitu kidogo" juu ya gharama halali?
- Je, alitaka kushika simu yako ama kujua namba yako ya siri?

Hata kama hujawahi kuwa mteja wa siri, na hutaki kuwa, maswali haya matano ni yako. Ajenti akifanya hivyo mbele yako, una haki ya kulalamika.

Wakora wanavyotumia jina la kazi hii

*Ada ya usajili.* Hii ndiyo ile meseji ya mwanzo. Ukituma 450, unaambiwa fomu iko tayari lakini kuna 800 ya mafunzo. Ukituma 800, kuna 1,200 ya beji. Kila ukilipa, kazi iko karibu. Wanajua ukishatuma mara moja, utaona uchungu kuacha kile ulichotoa kipotee bure. Ikifika hapo, 450 iliyopotea ni hasara ndogo kuliko 450 inayovutwa na 800 na 1,200.

*Pesa isiyokuwepo.* Marekani, tume ya serikali ya kulinda wateja, FTC, imewaonya watu kuhusu mchezo huu. Mtu anatumiwa hundi aiweke benki, abaki na malipo yake, halafu kilichobaki akitume kwa huduma ya kutuma pesa, eti anaikagua hiyo huduma. Siku kadhaa baadaye benki inagundua hundi ni feki na inamdai yeye. Kwetu watu wengi hawatumii hundi, lakini mchezo ule ule unaweza kuchezwa kwa meseji ya uongo. Unaona "Umepokea Ksh 5,000" halafu simu inalia: "Hiyo ni pesa ya kibarua, baki na 1,000 utume 4,000 kwa namba hii ya majaribio." Angalia meseji imetoka wapi. Ya kweli inatoka kwa jina rasmi la huduma yako, na inaingia pale pale zilipo zile za zamani. Halafu, hata kama inaonekana sawa, uliza salio lako kwenye menyu. Meseji inaweza kuandikwa na mtu yeyote. Salio hawawezi kulibadilisha.

*Vijikazi vya WhatsApp na Telegram.* Unaongezwa kwenye kundi, unaambiwa upe hoteli nyota tano ama upende video, na unalipwa kweli, labda 100 ama 200. Hizo ni chambo. Kesho unaambiwa uweke 2,000 ufungue vijikazi vya daraja la juu, kisha 5,000, kisha 15,000. Kwenye skrini unaona faida inapanda. Ukijaribu kuitoa, kuna kodi ya kulipa kwanza. Mteja wa siri halisi hutembelea duka, hupiga simu ama hununua kitu, halafu huandika ripoti. Kuweka amana si sehemu ya kazi hii.

*Laini yako kama bomba.* Hapa hutoi chochote. Unaombwa tu upokee pesa na kuipitisha kwa mwingine, na ubaki na kidogo. Unajuaje pesa hiyo imetoka wapi? Kenya ina sheria ya kupambana na utakatishaji wa pesa ya mwaka 2009, na pesa ikifuatiliwa, jina litakaloonekana ni lako. Laini inaweza kufungwa na ukaitwa kituoni kujieleza.

Kabla hujakubali kibarua

- Je, wanataka pesa yoyote kabla hujaanza? Acha.
- Je, kampuni imesajiliwa? Unaweza kufanya upekuzi wa jina la kampuni kupitia eCitizen.
- Je, wanatumia barua pepe na tovuti ya kampuni, ama ni namba ya WhatsApp yenye picha ya logo tu? Nembo mtu yeyote anaweza kuinakili. Tafuta tovuti ya kampuni wewe mwenyewe, usibonyeze linki waliyokutumia.
- Je, malipo yanaingia akilini? Mtu anayekupa 3,500 kwa kununua sabuni anakuuzia ndoto.
- Je, wanakuharakisha? "Nafasi zimebaki mbili" ni lugha ya mkora. Kampuni ya utafiti inataka mtu anayesoma maelekezo polepole.
- Je, wanaeleza watatumia vipi taarifa zako? Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inakupa haki ya kujua.

Na unapolipa dukani, soma jina linalotokea kwenye skrini kabla ya kuthibitisha. Kama unakagua mkahawa na jina ni la mtu binafsi usiyemjua, simama uulize.

PIN ipi?

Jambo hili linachanganya watu, kwa hivyo tuliweke wazi. Kampuni ya kweli inaweza kukuomba PIN ya KRA, kwa sababu hayo ni mapato na yana mambo ya kodi. Hiyo ni namba ya mlipakodi, na ni kawaida kuandikwa kwenye fomu za kazi. PIN ya pesa za simu ni kitu kingine kabisa. Hiyo hapewi mwajiri, hapewi ajenti, na hatupewi hata sisi. Mtu akisema "nipe PIN nikuwekee malipo," kumbuka kwamba kupokea pesa hakuhitaji PIN hata kidogo.

Na kwa kuwa tumetaja KRA: mapato ya vibarua yaandike pamoja na mengine unapojaza ritani yako ya mwaka, kabla ya tarehe 30 Juni. Lile daftari lako litakusaidia hapo.

Na kama tayari umetuma?

Usione haya, na usisubiri hadi jioni umwambie bwanako ama mkeo kwanza. Dakika ndizo zenye kazi hapa.

1. Omba muamala urudishwe mara moja. Kwa wateja wa M-Pesa, forwadi ule ujumbe wa uthibitisho kwa 456. Kwa huduma nyingine, piga simu kwa huduma kwa wateja. Pesa ikiwa bado iko kwenye laini ya aliyepokea, kuna nafasi ya kuirudisha. Ikishatolewa, ni vigumu sana.
2. Ripoti namba ya mkora. Kwenye Safaricom, forwadi meseji ya utapeli kwa 333, ni bure.
3. Kama uliwapa PIN yako ama picha ya kitambulisho, badilisha PIN sasa hivi, na uiambie kampuni ya simu.
4. Nenda kituo cha polisi upate namba ya OB. Beba meseji zote, usifute hata moja.
5. Mtu akikupigia baadaye akisema anaweza kukurudishia pesa kwa ada kidogo, huyo ni mkora wa pili, ama ni yule wa kwanza amebadilisha sauti.

Maswali ya haraka

*Naweza kuacha kazi nifanye hii peke yake?* Hapana. Vibarua havitabiriki: wiki hii vitatu, mwezi ujao hakuna. Ichukulie kama pesa ya kujazia, si ya kutegemea.

*Niko kijijini, inanifaa?* Vibarua vingi viko mijini kwa sababu matawi mengi yako huko. Lakini kampuni ikiwa na ajenti ama kituo cha mafuta kwenye soko lenu, itahitaji mtu wa hapo. Jisajili bure, usilipe, uone.

*Nikitambuliwa je?* Usibishane. Maliza ununuzi wako, ondoka, na uiambie kampuni ukweli.

*Naweza kumrekodi mhudumu kisiri?* Usifanye hivyo kwa kujiamulia. Sauti na sura ya mtu ni taarifa zake binafsi.

Tukirudi kwa ile meseji ya saa tatu asubuhi: ikiingia tena, sasa unajua la kufanya. Itazame ile 450 na ujiulize swali moja: pesa hii inaenda dukani, ama kwa anayesema amenipa kazi? Kama jibu ni la pili, forwadi meseji kwa wanaoshughulika na utapeli, mblock huyo mtu, halafu uitumie 450 yako kwa unga.

Na kama kuna mtu nyumbani anayetafuta cha kujazia mwezi, mama, kaka ama jirani, msomee makala haya leo. Wakora hawachagui simu ya kutuma meseji.